Maciste all'inferno: Jitu la Genoa Lililoshushwa Kuzimu

Maciste all'inferno ni filamu bubu ya Kiitalia iliyotoka mwaka 1926. Iliongozwa na Guido Brignone na kutengenezwa mjini Torino chini ya mtayarishaji Stefano Pittaluga. Mhusika wake mkuu ni Maciste, pande la mtu mwenye nguvu za ajabu na moyo mwema, ambaye mashetani wanamshusha kuzimu angali hai. Filamu hii ilitengenezwa wakati sinema ya Italia iko taabani, kampuni zimefilisika na mafundi wake wengi wametawanyika. Hata hivyo ndani yake umekusanyika ustadi wote ambao Waitaliano, pamoja na Mhispania mmoja aliyeishi nao, walikuwa wameujenga tangu miaka ya mwanzo ya sinema. Kuielewa kunahitaji kuanzia nyuma yake, kwenye filamu nyingine ya jehanamu.

1909–1911: Jehanamu ya kwanza

Kwa Mwitaliano wa mwanzoni mwa karne ya 20, jehanamu ilikuwa na ramani. Mshairi Dante Alighieri aliichora kwa maneno katika karne ya 14: duara baada ya duara, kila kundi la wakosefu na adhabu yake, na Lusiferi chini kabisa. Mwaka 1861 mchoraji wa Kifaransa Gustave Doré aliichora kwa picha. Michoro yake ya miamba myeusi, miili iliyosokotana na mwanga hafifu unaotoka juu ilienea sana, kiasi kwamba watu wengi walipofikiria jehanamu ya Dante waliiona kwa macho ya Doré.

Sinema wakati huo ilikuwa burudani ya vibandani na sokoni. Wasomi waliidharau. Kampuni ya Milano Films iliona kwamba njia ya kuwavuta wasomi hao ni kupitia kitabu walichokiheshimu kuliko vyote, na mwaka 1911 ikatoa L'Inferno, filamu iliyoongozwa na Francesco Bertolini, Adolfo Padovan na Giuseppe de Liguoro. Ilizinduliwa Napoli, katika ukumbi wa Teatro Mercadante, na ilizidi saa nzima, nyakati ambazo filamu nyingi zilikwisha baada ya dakika 10 au 15. Ushindani ulikuwa mkali: kampuni ndogo ya Helios, ya mji wa Velletri, iliwahi kutoa jehanamu yake fupi miezi michache tu kabla ya hapo, ili ivune faida ya matangazo ya mwenzake.

Waongozaji wa Milano Films waliipanga picha baada ya picha wakifuata Doré. Wazinzi wanapeperushwa hewani na upepo usiokoma. Mkosefu aliyegawanya watu duniani anatembea akiwa amekishika kichwa chake mwenyewe mkononi, kilichokatwa. Lusiferi mkubwa kama mlima anatafuna mtu, miguu ya mtu huyo ikining'inia nje ya mdomo. Haya yote yalifanywa kwa mikono: waigizaji walifungwa kwa nyaya, wakavikwa nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi ili sehemu za mwili zipotee, na mkanda mmoja ukapigwa picha mara mbili. L'Inferno ilipata soko kubwa nje ya nchi, Marekani ikiwamo, na ikathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba watazamaji wanaweza kukaa zaidi ya saa moja kwenye filamu, na kwamba ulimwengu usioonekana unaweza kuonyeshwa.

1914: Mtumwa mwenye nguvu

Miaka mitatu baadaye kitovu kilihamia Torino. Giovanni Pastrone wa kampuni ya Itala Film alitengeneza Cabiria, hadithi ya msichana wa Kirumi aliyeuzwa Kartago wakati wa vita kati ya Roma na Hannibal. Mahekalu makubwa yalijengwa, kamera ikawekwa juu ya kigari kinachotembea ili isogee kuelekea waigizaji, na mshairi maarufu Gabriele D'Annunzio akalipwa aandike maneno ya skrini na kuwapa wahusika majina. Miongoni mwa majina aliyoyatoa ni Maciste, jina la kale lililohusishwa na Hercules.

Katika Cabiria, Maciste ni mtumwa Mwafrika wa bwana wa Kirumi, Fulvio Axilla. Aliyemwigiza hakuwa Mwafrika wala mwigizaji. Bartolomeo Pagano, aliyezaliwa 1878 Sant'Ilario karibu na Genoa, alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Pastrone alitafuta mwili, akaupata gatini, kisha akaupaka rangi nyeusi. Cabiria ilitengenezwa muda mfupi baada ya Italia kuivamia Libya mwaka 1911, na picha ya Mwafrika mwenye nguvu nyingi anayemtumikia Mrumi kwa uaminifu usiotikisika iliwafaa sana watawala wa siku zile. Ukweli huu haupaswi kufichwa na uzuri wa filamu.

Watu walitoka ukumbini wakimsahau bwana na kumkumbuka mtumwa.

1915–1918: Rangi inaoshwa

Itala Film haikupoteza muda. Mwaka 1915 ilitoa filamu iliyoitwa Maciste tu. Inaanza kwa ujanja mzuri: msichana anayefukuzwa na wahalifu anajificha ndani ya ukumbi wa sinema unaoonyesha Cabiria, anamwona Maciste kwenye skrini, kisha anaandika barua kwenye studio kumwomba msaada. Mwigizaji mwenyewe anakuja kumwokoa, safari hii amevaa suti, na ni Mwitaliano mweupe.

Badiliko hilo lilifanywa bila maelezo yoyote. Mtumwa wa Kiafrika alifutwa kwa kitambaa cha kuondolea vipodozi, akabaki raia wa Italia, na tangu hapo hakurudi tena. Katika Maciste alpino ya mwaka 1916 tayari ni askari wa milimani anayewatwanga Waaustria kwa mikono mitupu, mfano wa taifa lililo vitani. Wanahistoria wa sinema wameona pia jinsi mwili huo, wenye kifua kilichotunishwa na mikono kiunoni, ulivyozoesha macho ya Waitaliano kwa aina ya uongozi iliyokuja na Mussolini mwaka 1922. Pagano mwenyewe hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu wa kazi aliyepata kazi nyingine. Lakini picha hufanya kazi hata pale asiyeikusudia anapoipiga.

1919–1925: Tasnia inaporomoka

Baada ya vita, kampuni kubwa za Italia ziliungana mwaka 1919 kuwa Unione Cinematografica Italiana, zikitumaini kushindana na Wamarekani kwa wingi wa mtaji. Muungano huo uliegemea mikopo, na benki kubwa iliyoufadhili, Banca Italiana di Sconto, ilipoanguka mwishoni mwa 1921, kila kitu kilifuata. Idadi ya filamu zilizotengenezwa Italia ilishuka kutoka mamia kwa mwaka hadi makumi machache tu katikati ya muongo huo. Kumbi zilijaa filamu za Marekani. Waongozaji na waigizaji walihamia Berlin na Paris. Pagano naye alikwenda Ujerumani kuigiza Maciste huko.

Aliyebaki na fedha mkononi ni Stefano Pittaluga, mfanyabiashara aliyeanza kwa kumiliki kumbi za sinema na kusambaza filamu. Alikuwa na mahali pa kuonyesha. Alichokosa ni cha kuonyesha kwa lugha na sura ya nyumbani. Alichukua studio za Fert mjini Torino, akamrudisha Pagano kutoka Ujerumani na kuanza mfululizo mpya. Maciste imperatore ilitoka 1924 chini ya Brignone. Mfululizo huo ndio ulioyapa riziki makundi ya mwisho ya mafundi wa Torino: maseremala, wachoraji wa mandhari, wapiga picha. Kati yao alikuwamo mtu ambaye bila yeye kuzimu ya Maciste isingekuwapo.

Fundi wa giza

Segundo de Chomón alizaliwa Teruel, Hispania, mwaka 1871. Alijifunza kazi katika kampuni ya Pathé ya Ufaransa, ambako alitengeneza makumi ya filamu fupi za mizuka, vipepeo wanaogeuka wanawake na vyombo vinavyojiendesha. Katika El hotel eléctrico ya mwaka 1908 masanduku ya wageni yanapanda ngazi yenyewe na brashi zinang'arisha viatu bila mkono wa mtu, kazi iliyofanywa kwa kusogeza kitu kidogo, kupiga picha moja, kisha kusogeza tena. Tangu 1912 alikuwa Torino. Alipiga picha na kupanga mianga ya Cabiria, na mwaka 1917 akashirikiana na Pastrone kutengeneza La guerra e il sogno di Momi, ambamo vikaragosi vinapigana vita ndani ya ndoto ya mtoto.

Kwa Maciste all'inferno alifanya kazi pamoja na wapiga picha Ubaldo Arata na Massimo Terzano. Siku hizo hapakuwa na maabara ya kuunganisha picha baadaye kwa urahisi. Mengi ya maajabu yalifanyika ndani ya kamera yenyewe. Njia yake kuu ilikuwa hii. Sehemu ya lenzi inazibwa kwa kipande cheusi kilichokatwa kwa umbo maalumu. Mwigizaji anapigwa picha upande ulio wazi, fundi akihesabu mizunguko ya mkono wa kamera. Kisha mkanda unarudishwa nyuma gizani hadi palepale ulipoanzia, upande wa pili unafunguliwa na wa kwanza unazibwa, na mwigizaji mwingine au sanamu ndogo inapigwa picha kwa hesabu ileile. Kosa la mizunguko michache linatosha kuharibu vyote viwili, na hakuna anayejua kama kazi imefaulu mpaka mkanda uoshwe. Giza la kuzimu, ambalo mtazamaji huliona kama hofu, kwa fundi lilikuwa msaada: palipo peusi mkanda haujachomwa na mwanga, kwa hiyo kitu kingine kinaweza kuongezwa hapo.

Kwa njia hizo joka linaruka angani, majitu yanasimama kando ya watu wa kimo cha kawaida, na shetani aliyepigwa hadi kichwa kikang'oka anakirudisha mahali pake. Mandhari yaliyojengwa chini ya Giulio Lombardozzi yanafuata miamba na mashimo ya Doré, na ndani yake wanamiminika mashetani wengi waliovaa manyoya na pembe, wakipanda na kushuka mithili ya siafu.

Hadithi yenyewe

Hadithi iliandikwa na Riccardo Artuffo, aliyejulikana pia kwa jina la Fantasio, naye hakuona haya kuchanganya mambo. Barbariccia, shetani aliyeazimwa jina kutoka kwa Dante, anapanda duniani kwa sura ya bwana mtanashati mwenye kofia ndefu. Kazi yake ni kupotosha watu. Maciste, anayeishi kijijini kwa amani, anakataa kila kishawishi. Barbariccia anamgeukia jirani yake, msichana Graziella, ambaye kijana tajiri Giorgio amempa mtoto na kumtelekeza. Maciste anapoingia kati kuwatetea mama na mtoto, anavutwa kuzimu.

Huko hawatawali mashetani wa Dante peke yao bali Pluto na mkewe Proserpina, miungu ya Warumi wa kale. Sheria ya kuzimu inasema binadamu aliye hai anaweza kukaa siku tatu kisha akarudi duniani, ila akibusiwa na shetani wa kike anageuka kuwa mmoja wao. Proserpina, aliyeigizwa na Elena Sangro, anambusu. Maciste anaota manyoya na pembe. Barbariccia anapoongoza maasi dhidi ya Pluto, Maciste, tayari ni shetani, anaingia vitani upande wa mfalme na kuyavunja maasi hayo kwa ngumi zake. Pluto anamlipa kwa kumfungulia njia. Proserpina, asiyetaka kumwachia, anambusu tena mlangoni, naye anabaki amefungwa kuzimu. Kinachomtoa si nguvu: ni sala ya mtoto wa Graziella usiku wa Krismasi.

Nguvu ya filamu hii iko katika kitu ambacho L'Inferno ya 1911 haikuwa nacho. Dante wa filamu ile ni mgeni anayetembezwa. Anaona, anasikitika, anaendelea na safari. Maciste anaishika kuzimu kwa mikono yake. Anainua mashetani na kuwarusha, anakaa kiti chao, anatamaniwa na malkia wao, na kwa muda anaonekana kufurahia. Brignone alichukua jehanamu ya wasomi na kuiweka chini ya mchukuzi wa bandarini, na kicheko cha ukumbini kikaingia mahali ambapo hapo awali palikuwa na heshima tu. Uamuzi huo ndio uliofanya filamu hii iishi. Upungufu wake uko juu ya ardhi: visa vya Graziella na Giorgio vinakwenda polepole na kwa machozi mengi, na mtazamaji yeyote anangoja ardhi ifunguke.

1926–1930: Mwisho wa mfululizo

Filamu ilipendwa na watazamaji. Mwaka huohuo Pagano alionekana katika Maciste contro lo sceicco ya Mario Camerini na Maciste nella gabbia dei leoni, tena ya Brignone. Mwaka 1927 ilikuja Il gigante delle Dolomiti, naye baada ya filamu nyingine chache akastaafu na kurudi Sant'Ilario, katika nyumba aliyoiita Villa Maciste. Alifariki 1947. De Chomón alikuwa amefariki Paris mwaka 1929, baada ya kushiriki pia katika Napoléon ya Abel Gance. Pittaluga alinunua studio za Cines mjini Roma na kutoa La canzone dell'amore mwaka 1930, filamu ya kwanza ya Kiitalia yenye maneno ya kusikika, kisha akafariki mwaka uliofuata. Torino haikuwa tena mji mkuu wa sinema. Ubaldo Arata alihamia Roma na kazi yake. Mwaka 1945 yeye ndiye aliyepiga picha za Roma città aperta ya Roberto Rossellini, filamu inayoonekana kuwa kinyume kabisa cha joka na pembe.

Mtoto wa Rimini

Urithi mkubwa wa filamu hii ulipitia kwa mtoto mmoja. Federico Fellini alizaliwa Rimini mwaka 1920. Katika mahojiano ya maisha yake yote alisema kwamba filamu ya kwanza anayoikumbuka ni Maciste all'inferno, aliyoiona katika ukumbi wa Fulgor akiwa amebebwa na baba yake, watu wamesimama wameshonana katika moshi wa sigara. Kilichombaki ni mwanamke mkubwa, tumbo wazi, macho yamezungushiwa wanja mzito, akiinua mkono kwa amri na kuwasha duara la moto kumzunguka Maciste.

Anayezijua filamu za Fellini atamtambua mwanamke huyo mara moja. Yumo katika Giulietta degli spiriti ya 1965, Amarcord ya 1973 na La città delle donne ya 1980: mkubwa kuliko maisha, wa kutisha na kutamaniwa kwa wakati mmoja, akitazamwa kutoka chini na mwanamume ambaye ndani yake bado ni mtoto. Fellini-Satyricon ya 1969, yenye mapango yake, miili iliyopakwa rangi na mianga isiyo na chanzo, iko karibu na studio za Torino kuliko na Roma yoyote ya wanaakiolojia. Fellini alikiri kwamba alihisi anajaribu tena na tena kuirudia filamu ile. Kwa muongozaji aliyepokea tuzo za Oscar kwa filamu nne, huko si kukumbuka utoto tu. Ni kulipa deni.

1958–1965: Maciste arudi

Njia ya pili ya urithi ilipitia kwenye filamu za majabali wa kale. Mwaka 1958 Le fatiche di Ercole ya Pietro Francisci, akiigiza Mmarekani Steve Reeves, ilipata fedha nyingi mno, na watayarishaji wa Roma wakaanza kutafuta jina lolote la jabali. Maciste aliamshwa mwaka 1960 katika Maciste nella valle dei re, iliyoongozwa na Carlo Campogalliani, mzee aliyekuwa amemwongoza Pagano mwenyewe katika trilojia ya mwaka 1920. Katika miaka michache iliyofuata zilitoka zaidi ya filamu 20 zenye jina hilo.

Mpiga picha wa filamu ya Francisci, Mario Bava, alikuwa mtoto wa Eugenio Bava, mmoja wa mafundi wa kamera wa Cabiria. Mwaka 1961 Bava aliongoza Ercole al centro della terra, ambamo jabali anashuka kuzimu. Kwa bajeti ndogo, vioo, moshi na taa za rangi, alijenga ulimwengu wa chini kwa mbinu zilezile za ndani ya kamera alizorithi nyumbani. Mwaka 1962 Riccardo Freda alitoa Maciste all'inferno ya pili, safari hii jabali akianzia Uskoti anakotafuta mchawi. Haina moto wa ile ya kwanza, ila jina lake latosha kuonyesha kwamba ya kwanza haikusahauliwa. Brignone naye alifika ukingoni mwa wimbi hilo: filamu yake ya mwisho, Nel segno di Roma, ilikuwa ya panga na mahekalu, na alifariki mwaka 1959 ilipotoka.

Nakala iliyookolewa

Filamu bubu nyingi za Italia zimepotea. Mikanda ya nitrati ilioza, iliungua au iliyeyushwa. Maciste all'inferno ilinusurika katika nakala zenye hali tofauti. Mwaka 2009 Cineteca di Bologna na Museo Nazionale del Cinema la Torino walikamilisha ukarabati wake, wakarejesha mpangilio wa matukio na rangi zilizotiwa kwenye mkanda. Tangu hapo imeonyeshwa katika matamasha ya filamu ikisindikizwa na wanamuziki jukwaani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake, na utafiti juu ya Pagano umeongezeka, kikiwamo kitabu cha mwaka 2015 cha Jacqueline Reich kuhusu filamu zote bubu za Maciste. Mwafrika aliyeanzisha yote katika Cabiria amerejeshwa katika maandiko hayo kama suala la kuchunguzwa. Vifaa vya filamu za zama hizo, mikanda, michoro na hati za Itala Film, vimehifadhiwa Torino, katika jumba hilo la makumbusho lililomo ndani ya mnara wa Mole Antonelliana, na umma unaruhusiwa kuingia.